Gasketi Isigande Siku Injini Ikifunguliwa

Katika mtaa wa Kimisagara mjini Kigali, uliotanda ubavuni mwa Mlima Kigali, pikipiki ni kama mguu wa pili wa mwananchi. Chini ya mtaa huo kipo kituo kikuu cha mabasi cha Nyabugogo. Wasafiri washukao hapo hupokewa na waendesha pikipiki, ambao Wanyarwanda huwaita abamotari, wakapandishwa milimani pamoja na mizigo yao. Safari hizo ni fupi, lakini ni nzito. Kilima hupandwa kwa gia ya chini, klachi hushikwa na kuachiwa mara kwa mara, na injini hupata moto mkali. Kwa hiyo sahani za klachi huchakaa mapema, na kifuniko chake hakina budi kufunguliwa mara nyingi zaidi kuliko katika miji ya tambarare.

Hapo ndipo huzuka taabu ndogo yenye madhara makubwa. Kati ya kifuniko na mwili wa injini hukaa gasketi, yaani karatasi ngumu inayozuia oili isivuje. Bolti zikishafunguliwa zote, mara nyingi kifuniko hukataa kutoka kwa sababu gasketi imeganda. Fundi mwenye haraka huchomeka bisibisi na kubinua. Kifuniko hutoka, lakini huacha nusu ya karatasi imeng'ang'ania chuma, na alama ya bisibisi katika alumini. Alumini ni laini. Mkwaruzo mmoja tu watosha kuwa mfereji wa oili. Tangu siku hiyo pikipiki huvuja, na mwenye kutotazama kiasi cha oili huweza kuunguza injini nzima.

Kwa motari hasara hiyo si ya chuma peke yake. Siku pikipiki inapolala gereji hakuna fedha inayoingia nyumbani, na mwenye kuilipia kwa mkopo hasubiriwi na deni lake. Tena mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Rwanda ilitangaza kwamba pikipiki mpya zitakazosajiliwa kubeba abiria mjini Kigali ziwe za umeme tu, huku zile za petroli zilizokwisha kusajiliwa zikiruhusiwa kuendelea na kazi. Mwenye pikipiki ya petroli ana sababu zaidi ya kuitunza ile aliyo nayo.

KWA NINI GASKETI HUGANDA

Gasketi za vifuniko vya pembeni, katika pikipiki za Kihindi kama TVS na Bajaj, aghalabu ni za karatasi iliyoshindiliwa. Injini inapopata moto na kupoa kila siku, karatasi hiyo hubanwa ikaingia katika vinyweleo vya alumini, kisha hukauka na kushika kama ukoko wa wali sufuriani. Mabaki ya gasketi ya zamani yasiyosafishwa huzidisha kushika huko.

Jambo baya kuliko yote ni mazoea ya kupaka gundi ya silikoni pande zote mbili kila mara, kwa imani kwamba gundi nyingi ndiyo usalama. Gundi hiyo huunganisha vyuma hivyo kana kwamba ni kimoja. Isitoshe, ile inayozidi husukumwa ndani, hukatika vipande vipande, na huweza kuziba chujio la oili. Basi fundi aliyekusudia kuzuia tone moja lisitoke nje huizuia oili isifike inakohitajiwa ndani.

DAWA HUWEKWA SIKU YA KUFUNGA

Gasketi itakayotoka salama mwakani huandaliwa leo. Kwanza, nyuso zote mbili za chuma zisafishwe mpaka ziwe tupu, kisha zifutwe kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Pini mbili ndogo za kulengesha kifuniko zihakikishwe kuwa zipo mahali pake.

Pili, gasketi mpya ya karatasi ipakwe grisi kidogo au oili safi ya injini kwa ncha ya kidole. Kiasi kinachotakiwa ni utando mwembamba tu, karatasi ing'ae bila kulowa. Utando huo huizuia karatasi isishikamane na chuma. Mafundi wengine hupaka grisi upande mmoja tu, ule wa kifuniko, ili siku ya kufungua karatasi ibaki nzima upande wa injini. Grisi ikizidi huifanya karatasi iteleze na kuchomoza nje bolti zinapokazwa.

Tatu, bolti zikazwe kidogo kidogo kwa mkingamo: moja ya juu, kisha ya chini inayoikabili, mpaka zote zimalizike. Bolti za vifuniko hivi, ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa spana ya namba 8, hazitaki nguvu nyingi. Asiye na spana ya kupimia na atumie spana fupi, aishike karibu na kichwa chake. Anayekaza kwa nguvu za mwili wote huipasua karatasi au hukata hesi za alumini.

ZISIZOPAKWA KITU

Shauri hili la grisi si la gasketi zote. Gasketi ya kichwa cha silinda hukabiliana na moto na msukumo wa gesi. Kwa kawaida huwekwa mpya, safi na kavu. Ile ya ekzosi nayo haipakwi, kwani grisi ingeungua tu. Mipira ya breki isiguswe kabisa na grisi ya kawaida, maana huvimba na kuharibika, na breki ikishindwa kwenye mteremko wa Kimisagara hakuna wa kulaumiwa ila aliyepaka. Pale kitabu cha kiwanda kinapoagiza vingine, kitabu ndicho kifuatwe.

Kadhalika gasketi isikatwe kutoka katika boksi la sabuni. Karatasi ya boksi hulainika katika oili na unene wake haupimiki. Karatasi maalumu ya gasketi ipo madukani. Ichorwe kwa kufuata gasketi ya zamani, kisha ikatwe kwa mkasi. Hilo boksi lina kazi nyingine iliyo bora: litobolewe matundu kwa mpangilio wa kifuniko, na kila bolti ichomekwe mahali pake, kwa kuwa bolti hizo hazina urefu mmoja.

IKIWA IMEKWISHA KUGANDA

Injini iachwe ipoe na oili imwagwe chomboni. Kabla ya kutumia nguvu, fundi ahesabu bolti mara mbili, kwani kifuniko kingi kinachodhaniwa kuganda kimeshikwa na bolti iliyosahauliwa. Kisha kigongwe taratibu pembeni kwa nyundo ya mpira, au kwa kipande cha mti na nyundo ndogo, kikizungukwa pande zote. Bisibisi isichomekwe.

Mabaki ya karatasi yaloweshwe kwa kitambaa chenye tina, kisha yakwanguliwe kwa kijiti cha mti mgumu au plastiki iliyonolewa. Matundu ya ndani yazibwe kwa kitambaa safi ili uchafu usiingie. Msasa usitumike, maana chembe zake huingia katika injini na kuila. Kazi hii ifanyike uwanjani penye hewa, mbali na jiko la makaa na watoto. Katika mtaa ambako nyumba zimebanana, mvuke wa tina au petroli ukikutana na moto huunguza zaidi ya nyumba moja.

Oili iliyomwagwa isitupwe mtaroni. Maji ya korongo la Mpazi, linalopita Kimisagara, huingia mto Nyabugogo, ambao humwaga katika Nyabarongo, na safari yake kwa Akagera huishia Ziwa Viktoria. Oili hiyo itiwe katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Usafi, utando mwembamba wa grisi na mkono usio na pupa huongeza dakika chache tu katika kazi ya kufunga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa injini ni ghali kuliko wa matofali.