Jua Lisilotua na Kibla ya Kusini

Mswahili huhesabu saa zake kwa jua. Likishachomoza, saa ya kwanza ikatimia, twasema saa moja. Likitua, twaanza hesabu nyingine ya usiku. Kwetu tulio karibu na Ikweta hesabu hii haina tabu. Mombasa mwaka mzima Maghribi haiendi mbali na saa kumi na mbili u nusu. Lakini je, ndugu msomaji, mtu atahesabuje pahali ambapo jua halitui?

Swali hili nilikutana nalo katika miaka ya tisini, kabla sijashika kalamu ya gazeti, nilipokuwa mwosha vyombo katika meli ya watalii iliyozunguka visiwa vya Svalbard. Visiwa hivyo ni vya Norway, na mji wake mkubwa, Longyearbyen, uko nyuzi 78 kaskazini. Huko jua halitui tangu kama tarehe 20 Aprili hata kama tarehe 22 Agosti. Tangu mwisho wa Oktoba hata kati ya Februari halichomozi kabisa.

Watalii hulipa mali nyingi kwenda kutazama. Barafu huteremka kutoka milimani polepole kama mto mzito, ikafika baharini na kukatika mapande makubwa kama nyumba, kwa mshindo wa radi. Mti wa kumpa mtu kivuli hakuna. Viongozi hushuka pwani na bunduki kwa kuchelea dubu weupe. Sisi wa jikoni tuliyaona hayo kwa kuchungulia, sahani mkononi. Usiku na mchana wetu ulikuwa zamu. Siku hizi mkataba wa mabaharia wa mwaka 2006 waamuru mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Lakini saa hizo ni za kulala, hazikwambii kama Isha imeingia.

Mwenzangu mmoja, mtu wa Lamu, alikata shauri mapema. "Maghribi haijaingia, nitasalije? Nitalipa nikirudi nyumbani." Baada ya majuma matatu alikuwa akiniuliza leo ni Ijumaa au ni Jumatatu.

Na jambo lenyewe si geni katika dini. Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, alifika Bulghar, karibu na mto Volga, mwaka 922, akakuta usiku wa huko mfupi hata Isha na Alfajiri zakaribiana. Tena katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa masahaba walimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya siku ya Dajjal itakayokuwa kama mwaka: Sala za siku moja zatutosha? Akasema hapana, bali waikadirie. Hapo ndipo wanavyuoni waliposhika. Wako wasemao tufuate saa za mji wa karibu ambako usiku na mchana wapambanuka, na wako wasemao tufuate saa za Makka. Mimi nilishika saa za Makka, nikaziandika katika kipande cha karatasi, nikakibandika ukutani juu ya kitanda.

Ilibaki kibla. Mombasa twaelekea kaskazini barabara, hata wazee wetu upande huo wakauita kibula. Huko Svalbard Makka iko kusini, kidogo kuelekea mashariki. Mara ya kwanza nilipokunja uso upande ule, mwili wote ulikataa, kana kwamba naipa Kaaba mgongo.

Vijana wetu wengi hutafuta riziki melini, na mwenye kazi halaumiwi. Ila aendaye kaskazini ile amwendee shekhe wake kabla ya kupanda meli, ajue atafuata hesabu gani, na siku ya kwanza amwambie mkuu wa jiko kuwa atahitaji dakika kumi mara tano. Wangu hakuwa Mwislamu, na alinipa. Yule ndugu wa Lamu hakuomba.