Ukikodisha spika, chunga sauti isichelewe

KWA mkulima wa Titye, wilayani Kasulu, anayetaka kuweka fedha za maharage kwenye mradi usiotegemea mvua, kukodisha vyombo vya muziki ni njia mojawapo. Harusi, mikutano ya injili na mikutano ya hadhara, yote inahitaji spika.

Lakini mteja halipii ukubwa wa spika, analipia sauti inayosikika vizuri. Sauti ikichelewa, kwaya inapoteza mdundo, maneno ya msemaji yanarudiarudia, na safari ijayo mteja anamtafuta mwingine.

Kuchelewa huko kunatoka wapi? Vyombo vya dijitali hukata sauti vipande vidogo sana, mara nyingi 48,000 kwa sekunde. Vipande hukusanywa kwanza mahali pa kungojea, panapoitwa bafa, ndipo vipelekwe mbele. Bafa ya vipande 64 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 1.3, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ya vipande 1,024 huchelewesha kwa milisekunde 21.

Bafa ikiwa ndogo mno, kompyuta haiwahi kuijaza na sauti hukwaruza au kukatika. Ikiwa kubwa mno, mwimbaji anajisikia akiwa nyuma ya wenzake. Kwa kupiga muziki uliorekodiwa, bafa kubwa haina madhara. Kwa waimbaji, ipunguze hatua kwa hatua mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha rudi hatua moja juu.

Spika za Bluetooth ni rahisi kubeba, lakini nyingi huchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 200, na nyingine zaidi. Zinafaa kupigia nyimbo kutoka kwenye simu. Kwa maiki ya mchungaji au mshereheshaji, tumia waya.

Katika kumbi kubwa, sauti husafirishwa kwa kebo za mtandao wa kompyuta. Mfumo mmoja unaojulikana ni Dante wa kampuni ya Audinate ya Australia. Humo fundi huchagua muda wa kuchelewa: kwa kawaida huanza na milisekunde 1, na mtandao ukiwa na swichi nyingi huongeza hadi 2 au 5. Mfumo huo nao hutaka kebo, si mtandao usiotumia waya.

Uwanjani kuna jambo jingine. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, lakini ndani ya waya hufika papo hapo. Ukiweka spika za pili mita 30 mbele ya zile za jukwaani, watu wa nyuma husikia kila neno mara mbili. Hapa dawa ni kuchelewesha kwa makusudi. Pima umbali kwa mita, zidisha kwa 3, na jibu ndilo milisekunde za kuweka kwenye spika za pili. Kwa mita 30, weka 90.

Kabla ya kulipia mashine dukani, muulize muuzaji kama ina sehemu ya kurekebisha kuchelewa kwa sauti, kisha chomeka maiki, ongea na usikilize mwenyewe. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Katika biashara hii, utamkuta mteja si wako.