Kuuziana Viumbe wa Matangi ya Maji ya Chumvi Miongoni mwa Wafugaji wa Ridhaa Nchini Marekani: Tatizo la Taarifa na Namna ya Kulikabili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wafugaji wa ridhaa wa samaki na matumbawe nchini Marekani wanavyouziana viumbe wa maji ya chumvi bila kupitia dukani. Hoja kuu ni kwamba mnunuzi katika biashara hii hanunui samaki au kipande cha tumbawe pekee, bali hununua pia historia ya tangi walimotoka, na historia hiyo haionekani kwa macho. Kwa kuongozwa na nadharia ya Akerlof (1970) kuhusu taarifa zisizolingana sokoni, makala yanaonesha kuwa uaminifu wa muuzaji hupunguza udanganyifu lakini hauondoi kutojua. Kwa hiyo, karantini ni sehemu ya gharama halisi ya ununuzi.

1.0 Utangulizi

Ripoti ya UNEP-WCMC ya mwaka 2003 ilikadiria kuwa samaki wa mapambo kati ya milioni 20 na milioni 24 huchukuliwa kutoka baharini kila mwaka, na kwamba Marekani ndiyo mnunuzi mkubwa. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazolilisha soko hilo. Wazamiaji wa pwani huwanasa samaki kwa nyavu, kisha samaki hufungashwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni na kusafirishwa kwa ndege. Mara nyingi mjadala kuhusu biashara hii huishia pale samaki anapofika dukani. Hata hivyo, kiumbe huyo anaweza kubadilisha mmiliki mara kadhaa baada ya hapo. Makala haya yanashughulikia hatua hiyo ya pili.

2.0 Kwa Nini Viumbe Hurudi Sokoni

Sababu ya kwanza ni ukuaji. Samaki wa buluu aina ya Paracanthurus hepatus huuzwa akiwa mdogo, ilhali anaweza kufikia urefu wa sentimita 30 hivi. Sababu ya pili ni ugomvi: samaki anayelinda eneo lake huweza kuwashambulia wenzake hadi mfugaji alazimike kumwondoa. Sababu ya tatu ni uzalishaji. Tumbawe ni koloni, hivyo kipande kilichokatwa na kugundishwa juu ya kijiwe huendelea kukua kama koloni mpya, na mfugaji hujikuta na vipande vingi kuliko nafasi aliyo nayo. Sababu ya nne ni kuvunjwa kwa tangi kutokana na kuhama, gharama za umeme au kuishiwa hamu.

Viumbe hao wana ubora wao. Samaki aliyeishi nyumbani mwa mtu kwa mwaka mzima amekwishazoea chakula cha dukani na maisha ya ndani ya kioo, na safari yake ni fupi. Kadhalika, kila kipande cha tumbawe kilichokuzwa nyumbani kinaweza kuchukua nafasi ya kingine ambacho kingekatwa baharini. Kwa hiyo, bei ndogo si dalili ya ubovu peke yake.

3.0 Taarifa na Uaminifu

Akerlof alieleza kuwa pale muuzaji anapoijua kasoro ya bidhaa na mnunuzi haijui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya bidhaa nzuri, na wauzaji wa bidhaa nzuri hujiondoa sokoni. Ni hali ambayo Waswahili huieleza kwa kusema mtu ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ujirani hupunguza tatizo hilo. Wafugaji wa mji mmoja hukutana tena na tena katika vyama vyao na minada ya vipande vya matumbawe, na anayeuza kiumbe mgonjwa leo atatafutwa kesho. Zaidi ya hayo, mnunuzi hufika nyumbani kwa muuzaji na kuliona tangi lenyewe. Anaweza kuomba samaki alishwe mbele yake, kuchunguza kasi ya upumuaji, na kutazama iwapo mawe yameota viumbe wenye minyiri wa jenasi ya Aiptasia, ambao huchoma matumbawe na huenea upesi.

Hata hivyo, nadharia hiyo inachukulia kuwa muuzaji anaijua kasoro. Katika viumbe hai, dhana hiyo haishiki daima. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kuuza ugonjwa asioujua.

4.0 Mfano wa Kimelea Cryptocaryon irritans

Kimelea huyu husababisha madoa meupe kwenye ngozi na mashavu ya samaki. Hukaa mwilini kwa siku 3 hadi 7, kisha hujiangusha na kujifungia katika gamba gumu juu ya mawe, mchanga au hata kombe la konokono. Kutoka ndani ya gamba hilo hutoka vimelea wachanga wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Muda wa kuanguliwa hutofautiana sana. Umewahi kufikia siku 72.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, samaki walionusurika hupata kinga ya kiasi. Wanaweza kubeba vimelea wachache bila dalili, na mwenye tangi akaamini kuwa tangi lake ni safi. Samaki huyo anapopelekwa kwa wenzake wasio na kinga, maradhi hulipuka. Pili, tumbawe haliugui ugonjwa huu, lakini kijiwe chake kinaweza kubeba gamba la kimelea. Kuchovya kipande katika dawa huwaondoa baadhi ya wadudu, lakini hakutegemewi kuua magamba hayo wala mayai ya minyoo bapa.

Ndiyo maana karantini ya samaki hutofautiana na ya matumbawe. Samaki hutengwa katika tangi tupu lisilo na mawe, ambamo dawa ya shaba inaweza kutumika kwa kupima kiwango chake mara kwa mara. Shaba hiyohiyo huua matumbawe, kamba na konokono. Hao hutengwa katika tangi lisilo na samaki, na wafugaji wengi hutumia siku 76 ili kimelea akose wa kumwishi.

5.0 Makabidhiano

Kabla ya kukabidhiana, pande mbili hulinganisha joto na kiwango cha chumvi cha maji yao. Maji ya bahari huwa na gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo. Muuzaji aliyewatenga samaki katika maji yenye chumvi pungufu asipoeleza hivyo, mnunuzi anaweza kuwadhuru kwa kuwahamisha ghafla.

Ununuzi wa tangi zima lililovunjwa unahitaji tahadhari zaidi. Mawe yaliyokaa nje ya maji hufiwa na viumbe wake, na uozo huo hutoa amonia. Bakteria wanaoigeuza amonia huwa wamezoea mzigo mdogo; kuingiza samaki wengi kwa siku moja huwazidi nguvu.

Muuzaji naye ana wajibu wa kuonya. Baadhi ya matumbawe laini ya jenasi ya Palythoa yana palitoksini, sumu kali iliyotengwa kimaabara kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutokana na viumbe wa Hawaii. Anayeyakata avae glavu na miwani, na mawe yake yasichemshwe kamwe, kwani mvuke wake unaweza kuwadhuru watu wote wa nyumba.

6.0 Sheria na Bahari

Matumbawe magumu, chaza wakubwa wa jenasi ya Tridacna na farasi wa baharini wamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES. Mkataba huo husimamia biashara inayovuka mipaka. Kipande kilichokuzwa na kuuzwa mtaani hakihitaji kibali chake. Lakini sheria ya Marekani hairuhusu kuuza kiumbe aliyeingizwa nchini kinyume cha mkataba, hivyo swali la asili bado lina uzito.

Mwani nao una historia yake. Caulerpa taxifolia uligunduliwa California mwaka 2000, na ilichukua hadi mwaka 2006 kutangazwa kuwa umetokomezwa. Jimbo hilo limepiga marufuku Caulerpa, hata kwa kuitoa bure. Aidha, kuenea kwa samaki wa jenasi ya Pterois katika Atlantiki kunahusishwa na samaki walioachiliwa kutoka matangini. Kwa mtazamo huu, kuwepo kwa jirani aliye tayari kumpokea samaki asiyetakiwa ni kinga kwa bahari yenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa biashara hii ina manufaa kwa mfugaji na kwa miamba ya bahari, mradi isitegemee uaminifu pekee. Ujirani hutibu udanganyifu. Kutojua hutibiwa na muda wa karantini. Mnunuzi anayelinganisha bei ya jirani na ya duka hana budi kujumlisha tangi la pili, dawa, na siku za kungoja. Asiyeweza kugharimia hayo hajapata kitu rahisi, kwa kuwa anachokiweka rehani ni uhai wa viumbe wote aliokwisha kuwa nao.