Mishipa ya Moyo wa Panya na Funzo Lake kwa Binadamu

Panya shamba anayevamia mashamba ya mahindi ya Mbulu na Hanang ana moyo usiozidi ukubwa wa harage. Hata hivyo, moyo huo una vyumba vinne na valvu zake kama wa binadamu, na hulishwa damu na ateri mbili za koronari, ya kulia na ya kushoto, zinazochipuka penye shina la aota.

Tofauti huanzia hapo. Kwa binadamu, ateri hizo hupita juu ya moyo, zikizungukwa na mafuta, na ile ya kushoto hugawanyika mara mbili: tawi la mbele na tawi la kuzunguka. Katika panya wa maabara, jamaa wa panya shamba, ateri huzama mapema ndani ya msuli, mgawanyiko huo hauonekani wazi, na ukuta wa kati una ateri yake kubwa. Moyo wake hupiga zaidi ya mara 300 kwa dakika. Wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100.

Ateri za panya hazizibwi kwa urahisi na utando wa mafuta. Kolesteroli yake nyingi husafirishwa katika chembe za HDL, naye hana protini ya CETP inayoihamishia kwenye chembe zenye madhara. Ndiyo maana dawa iliyomfaa panya haina budi kuthibitishwa kwa binadamu.

Simbilisi naye ana njia nyingi za pembeni: ateri moja ikiziba, damu hupitia nyingine. Binadamu wengi hawana akiba hiyo ya kutosha. Ateri ikiziba kabisa, msuli wa moyo huanza kufa ndani ya takribani nusu saa.

Kwa mgonjwa wa Dongobesh au Katesh, muda huo ndio uhai. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayoelekea mkononi, shingoni au tayani, pamoja na jasho jembamba au kukosa pumzi, yasichukuliwe kuwa vidonda vya tumbo. Tafiti zilizofanyika Moshi zimeonyesha kuwa shambulio la moyo mara nyingi halitambuliwi. Mhudumu apime umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, ampe aspirini ya kutafuna iwapo hana kizuizi, na apange rufaa bila kuchelewa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi inapotolewa mapema, ndani ya saa 12 za kwanza.

Mwenye kutamani kuuona moyo wa panya asimpasue aliyeokotwa shambani. Mwaka 2007 tauni ilizuka wilayani Mbulu, na viroboto wa panya ndio huieneza. Panya aliyekufa asiguswe kwa mikono mitupu. Na mwenye homa kali na uvimbe kinenani au kwapani awahi kituo cha afya, kwani tauni hutibika kwa antibiotiki ikigunduliwa mapema.