Kompyuta Zahanatini: Mashine na Mkono wa Muuguzi

Asubuhi na mapema, katika viunga vya Dar es Salaam kama Mbagala, Tandika na Tandale, akina mama hufika kliniki wakiwa na watoto mgongoni na kadi mkononi. Kadi hiyo ni kumbukumbu ya afya ya mtoto. Ndani yake huandikwa uzito wake wa kila mwezi na chanjo alizokwisha kupata. Ikipotea, au ikiandikwa visivyo, mtoto aweza kukosa chanjo anayostahili, au kupewa dawa kwa kipimo cha uzito usio wake.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Miongoni mwao, 1,346,674 walikuwa wa Temeke na 982,328 wa Kinondoni. Kutunza kumbukumbu za umati huo kwa daftari na jalada ni kazi nzito, na ndiyo sababu kompyuta imeletwa kusaidia. Lakini kompyuta haijiandikii yenyewe. Huandikiwa na mtu mwenye macho yanayochoka, mikono inayokosea na foleni inayomngoja.

Kutoka daftari hadi kompyuta

Tanzania ilianzisha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA, katika miaka ya mwanzo ya 1990. Kila zahanati ilipewa vitabu vya kuorodhesha wagonjwa, na kila mwezi hesabu zikajumlishwa na kupelekwa wilayani. Kufikia mwaka 2013 programu iitwayo DHIS2, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ilikuwa imeenea nchini kwa ajili ya kupokea majumlisho hayo. Baadaye ukaja mfumo wa GoTHOMIS, ulioandaliwa chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI, ili kumhudumia mgonjwa mmoja mmoja katika vituo vya Serikali, tangu mapokezi hadi dirisha la dawa.

Msomaji atambue tofauti iliyopo. DHIS2 hupokea majumlisho, ambayo karani aweza kuyaingiza akiwa ametulia ofisini. Kumbukumbu ya mgonjwa huandikwa papo hapo, mgonjwa akiwa ameketi mbele ya mtabibu. Ni hapo ndipo maumbile ya binadamu yanapopambana na umbo la mashine.

Jicho, mkono na kumbukumbu

Ipo taaluma inayochunguza jinsi vyombo vya kazi vinavyopaswa kulingana na mwili na akili ya mtumiaji. Huitwa ergonomia. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller wa Marekani alieleza kwamba akili ya mtu huweza kushika vitu saba hivi kwa wakati mmoja. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa huenda ni vichache zaidi, takriban vinne.

Basi tuchukue mfano wa muuguzi anayesoma uzito, joto la mwili na umri wa mtoto, kisha analazimika kufungua kurasa tatu za kompyuta kabla ya kuviandika. Yamkini atasahau kimojawapo, ama ataviandika kwanza kwenye kipande cha karatasi. Karatasi hiyo si ushahidi wa uvivu wala wa ujinga. Ni dalili kwamba kurasa zilipangwa bila kutazama mwendo wa kazi yake.

Hali kadhalika, mashine ikipiga ukelele wa onyo kwa kila jambo dogo, mtumiaji huzoea kuyafuta maonyo yote bila kuyasoma. Siku onyo la kweli litakapotokea, litafutwa pamoja na mengine.

Jina moja, watu wengi

Katika mwambao wa Afrika Mashariki akina Asha Juma ni wengi, na Shabani aweza kuandikwa Shaabani. Karani asipolipata jina, humwandikisha mgonjwa upya, na mtu mmoja akawa na kumbukumbu mbili, kila moja ikiwa nusu. Dawa yake ni nambari. Lakini vidole navyo hukosea, na kosa la kawaida ni kupindua tarakimu mbili zilizo jirani.

Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, alibuni njia ya kulikamata kosa hilo, nayo ilipewa hataza mwaka 1960. Mwanafunzi aweza kuijaribu darasani. Chukua nambari 417. Ukianzia kulia, zidisha kwa mbili tarakimu ya kwanza, ya tatu, na kuendelea kwa kuruka moja. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe. Hivyo 7 huwa 14, yaani 1 na 4, ambazo ni 5. 1 hubaki 1. 4 huwa 8. Jumla ni 14. Ili kufikia 20 panahitajika 6, kwa hiyo nambari kamili ya mgonjwa ni 4176. Karani akiandika 4716 kwa makosa, hesabu ya 471 hutoa 17, ambayo huhitaji 3 na wala si 6. Mashine itaikataa mara moja. Njia hii hukamata kila kosa la tarakimu moja na karibu kila pinduo la jirani, isipokuwa 0 na 9 zikibadilishana nafasi.

Funzo la Mosoriot

Mwezi Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Watabibu hawakulazimishwa kuchapa. Waliendelea kuandika kwa kalamu kwenye fomu iliyopangwa vizuri, na makarani wakaiingiza katika kompyuta. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kungoja kwa asilimia 38.

Lakini muda wa mgonjwa kuwa pamoja na mtabibu nao ulipungua, tena kwa asilimia 58. Tarakimu hii ina pande mbili. Ikiwa kilichopungua ni uandishi tu, ni faida. Ikiwa ni kusikilizwa kwa mgonjwa, ni hasara ambayo kompyuta haiwezi kuihesabu.

Kazi mara mbili

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni kumtaka muuguzi aandike katika daftari la MTUHA, kisha jambo lile lile katika kompyuta. Foleni ikirefuka, kimojawapo kitaachwa, na aghalabu kitakachoachwa ni kile kisichomrudishia mwandishi chochote. Daftari humwonyesha hapo hapo alichokiandika jana, hata umeme ukikatika. Kompyuta nayo yapaswa kumlipa: imletee historia ya mgonjwa kwa haraka, imkokotolee kipimo cha dawa, imtolee ripoti ya mwezi bila yeye kukesha akijumlisha.

Upo pia wajibu wa siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za mtu, lakini haiwezi kufanya kazi iwapo kioo cha kompyuta kimeelekezwa kwenye foleni, au nywila moja inatumiwa na chumba kizima kwa sababu kuingia kila mara kunachukua muda mrefu.

Mafundi wanaobuni mifumo hii hawana budi kwanza kuketi kando ya dirisha la mapokezi, saa mbili asubuhi, na kutazama mkono wa muuguzi unavyokwenda. Wakiyafuata watakayoyaona, kadi ya mtoto wa Mbagala itakuwa na mwenzake ndani ya mashine, na siku itakapopotea njiani, chanjo zake hazitapotea nayo.