Fidia ya Bima ya Nyumba Ikikataliwa, Tuanzie Wapi?



Katika ziara zetu sharikani tumezoea kuulizwa habari za visima, ada za wanafunzi na mikopo ya vikundi. Siku hizi limeongezeka swali jingine: "Nyumba yangu ilikuwa na bima, imeharibika, kampuni imekataa kulipa. Nifanye nini?" Makala hii inaeleza haki za mwenye nyumba hapa Tanzania, na mahali anapoweza kupata msaada wa kisheria bila kuuza mali yake.

Nianze na mfano. Mwalimu mmoja mstaafu, mjane, alichukua mkopo ili kumalizia nyumba yake. Benki ilimtaka akate bima, na ada ya bima ikawa inakatwa pamoja na marejesho. Miaka miwili baadaye upepo mkali uliezua paa upande mmoja, na dari ikaloa hadi ikaanguka. Fundi alikadiria matengenezo kuwa shilingi milioni 8. Mama alipeleka dai lake, na baada ya wiki kadhaa akapokea barua fupi: kampuni haitalipa kwa sababu uharibifu umetokana na uchakavu wa paa. Aliikunja barua ile, akaanza kutafuta mnunuzi wa shamba lake la migomba. Mzee wa kanisa aliyekwenda kumjulia hali ndiye aliyeomba kuisoma.

Kwa nini madai hukataliwa?

Bima ni mkataba. Kampuni hulipa kile kilichoandikwa katika mkataba, wala si kila hasara. Sababu za mgogoro mara nyingi ni tatu.

Kwanza, janga lenyewe. Bima ya kawaida ya moto hukinga moto, radi na baadhi ya milipuko. Dhoruba, mafuriko na tetemeko la ardhi kwa kawaida huongezwa kwa makubaliano na kwa ada ya ziada. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa na kutia nyufa nyumba nyingi. Ni fundisho kwamba neno "tetemeko" lisipokuwamo kwenye mkataba, mwenye nyumba hana cha kudai hata kama amelipa ada miaka yote.

Pili, mwenendo wa mteja. Mkataba hudai taarifa za kweli wakati wa kukata bima, na taarifa ya haraka hasara inapotokea. Aliyekaa kimya miezi mitatu hujidhoofisha mwenyewe.

Tatu, kiasi cha fidia. Hapa wengi hudhani wameibiwa kumbe ni kanuni ya uwiano. Kama nyumba ina thamani ya milioni 40 lakini imekatiwa bima ya milioni 30, kampuni hubeba robo tatu tu ya hasara. Kwa hasara ya milioni 8, italipa milioni 6.

Hatua za kufuata

1. Piga picha kabla ya kusafisha, kisha zuia uharibifu usiendelee, kwa mfano kwa kufunika paa kwa turubai. Tunza risiti zote.

2. Toa taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya simu hayathibitiki kirahisi.

3. Omba nakala ya mkataba wote, siyo risiti peke yake. Kama bima imeunganishwa na mkopo, nakala huenda iko benki. Mkopaji ana haki ya kuiomba.

4. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba kinachotumika. Mwenye bima huthibitisha kwamba hasara imetokana na janga lililokingwa. Kampuni inayodai kwamba hasara imeondolewa na kifungu fulani ndiyo yenye jukumu la kuthibitisha hivyo. Na maneno yenye utata hutafsiriwa dhidi ya aliyeyaandika, ambaye ni kampuni.

5. Usitie sahihi hati ya kukubali malipo ya mwisho kabla haijasomwa na mtu anayeielewa. Sahihi hiyo kwa kawaida hufunga dai lote.

6. Andika rufaa kwa uongozi wa kampuni kwanza. Isipofaulu, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima (TIO), ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mlalamikaji halipii huduma hiyo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) nayo hupokea malalamiko kuhusu kampuni, mawakala na madalali wa bima.

7. Mahakama iwe hatua ya mwisho. Kwa Sheria ya Ukomo, shauri la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, lakini mkataba wa bima wenyewe unaweza kutaja muda mfupi zaidi. Usome mapema.

Nani atasaidia?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili, na hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Lakini wanaweza kumwelimisha, kumsaidia kuandaa barua na kumwelekeza panapostahili, bila malipo. Kwa migogoro mingi ya bima, msaada huo hutosha. Ikibidi kwenda mahakamani, mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania hutoa msaada kwa wasio na uwezo.

Tumrudie mwalimu wetu. Msaidizi wa kisheria alimsindikiza benki kuomba nakala ya mkataba, ambao mama hakuwahi kuuona. Dhoruba ilikuwamo. Katika faili hilohilo kulikuwa na ripoti ya mthamini iliyoandaliwa wakati wa mkopo, ikieleza kwamba paa lilikuwa imara. Waliandika rufaa ya ukurasa mmoja, wakaambatanisha ripoti na picha. Kampuni ilibadili uamuzi na kulipa milioni 6. Alitamani milioni 8, lakini msaidizi alimweleza kanuni ya uwiano, naye akaridhika kwamba amepata haki yake. Milioni 2 zilizopungua zilitoka kwa watoto wake na kwa majirani. Shamba la migomba bado ni lake.

Ombi letu

Kwa kamati za sharika: mnapotembelea familia iliyopatwa na janga, pamoja na kupeleka unga na mablanketi, ulizeni maswali mawili. Je, nyumba ilikuwa na bima au mkopo? Je, kuna barua yoyote mliyopokea? Aidha, kagueni bima za nyumba za watumishi: majanga yaliyotajwa, na kama thamani iliyoandikwa inalingana na gharama za ujenzi za leo.

Kwa wafadhili wetu: mchango wenu kwa kazi hii hauonekani kama jengo. Unakwenda kwenye nauli ya msaidizi wa kisheria, nakala za karatasi na semina za siku moja. Hata hivyo mama mmoja alikuwa karibu kuuza shamba kwa sababu ya barua ambayo hakuna aliyemsaidia kuisoma. Tungependa kila usharika uwe na angalau mtu mmoja wa kuisoma.

Mratibu wa Miradi