Maji ya Mlangoni na Maji ya Mkononi

Mama mmoja mtu mzima, jamaa yetu wa Tanga, alikwenda Marekani kumtembelea mwanawe na kukaa huko miezi mitatu. Aliporejea alitusimulia jambo ambalo mwanzoni lilituchekesha, kisha likatunyamazisha. Usiku wake wa kwanza katika nyumba ya mwanawe, kwenye mji mmoja wa jimbo la Ohio, alilala na kiu.

Si kwamba nyumba ile ilikosa maji. Jikoni palikuwa na jokofu refu kumpita yeye, lenye milango miwili iliyosimama bega kwa bega, na katika mlango mmoja palikuwa na kidirisha chenye wenzo mdogo. Ukiusukuma wenzo ule kwa bilauri, maji baridi humiminika. Ukibonyeza kitufe kilicho juu yake, vipande vya barafu hudondoka kwa kishindo. Mwanawe alimtoa uwanja wa ndege, akamfikisha nyumbani, akaondoka mbio kuwahi zamu ya usiku kazini. Mkwewe, binti wa Kimarekani aliyesilimu kabla ya kuolewa, alimpokea kwa bashasha kubwa. Alimwonyesha chumba, choo na upande wa kibla, kisha akampeleka mbele ya jokofu na kumwambia, kwa Kiswahili cha kuokoteza, kuwa hapa ni kwake, achukue chochote wakati wowote. Mama akashukuru, akarudi sebuleni, akaketi. Alikuwa akingoja aletewe maji.

Akangoja mpaka wakaagana kwa kulala. Alfajiri alipokuwa akitawadha, alisukutua mara tatu kama ilivyo ada, na mara ya nne akayameza.

Sisi watu wa pwani twaelewa mara moja kilichomzuia. Mgeni hajichotei maji. Hata awe mkavu wa koo namna gani, haingii jikoni mwa mkwewe siku ya kwanza akafungua vyombo. Maji huletwa, tena huletwa kabla ya kuulizwa habari za safari, juu ya sinia au kisahani, na mwenye kuleta husimama kidogo asubiri bilauri irudi, pengine ataongezewa. Katika kusimama kule ndimo ulimo ukaribisho wenyewe. Hadithi iliyopokewa na Muslim inatufundisha kwamba mwenye kuwanywesha watu ndiye awe wa mwisho kunywa. Adabu hiyo yataka pawepo mtu anayenywesha. Na mashine ya mlangoni haina wa kwanza wala wa mwisho.

Lakini tumtendee haki na yule binti. Katika malezi yake, jokofu la mtu ni mahali pa faragha. Mgeni wa kawaida hulifungua kwa kuomba ruhusa, au haombi kabisa. Kumwambia mtu ajichukulie mwenyewe ni kumwondolea ua uliopo baina ya mgeni na mwenyeji na kumhesabu kuwa wa ndani. Kwa hiyo alikuwa amempa mama mkwe heshima ya juu aliyoijua. Alipoona siku ya pili mgeni hagusi maji, alifikiri anamdharau, au anashuku usafi wa vyombo vyake kwa kuwa yeye ni mgeni katika dini. Alimweleza mumewe huku analia. Ndivyo wanawake wawili waliopendana kwa simu kwa miaka walivyokaribia kuvunjiana nyoyo kwa sababu ya tundu lililo katika mlango wa jokofu.

Yafaa basi tuulize chombo hiki kilizaliwa wapi, maana chombo hubeba tabia za kwao. Wamarekani walizoea barafu muda mrefu kabla ya umeme. Mfanyabiashara wa Boston aitwaye Frederic Tudor alianza mwaka 1806 kupeleka kisiwani Martinique barafu iliyokatwa katika mabwawa ya Massachusetts wakati wa baridi. Mwaka 1833 alipeleka shehena ya tani zipatazo 180 hadi Calcutta, nchini India. Merikebu ilisafiri miezi minne na kuvuka ikweta mara mbili, na bado tani kama 100 zilifika hazijayeyuka. Nchini mwao wenyewe, mkokoteni wa barafu ukawa kitu cha kila mtaa. Hata leo, ukiketi katika mkahawa wa Kimarekani, aghalabu huletewa bilauri ya maji yenye barafu kabla hujaagiza kitu, wala hulipi. Katika hoteli nyingi pana mashine ya barafu ukumbini, na wageni hutoka vyumbani na ndoo zao. Walipoanza kutengeneza majokofu yenye kutoa barafu na maji mlangoni, waliingiza ndani ya nyumba desturi iliyokwisha kuwapo.

Tena jokofu hilo halisimami peke yake. Nyuma yake mna mpira mwembamba uliounganishwa na bomba la nyumba. Ndani mna kibati ambacho hujazwa maji kwa kipimo. Yakiganda, kikanza kidogo huvilegeza vipande, navyo hutupwa katika chombo cha kuhifadhia, humo parafujo kubwa inayozungushwa na mota huvisukuma hadi kwenye tundu. Msukumo wa maji ukiwa dhaifu, vipande hutoka vidogo au vyenye uwazi ndani. Kwa ufupi, mwenye kukiunda alidhani kwamba bomba halikauki, umeme haukatiki, jiko ni pana, na maji ya bombani hunyweka kama yalivyo. Aidha alidhani kuwa kila mtu hujihudumia, na kwamba kila mtu apenda maji ya baridi kali.

Ukivuka bahari kwenda Ulaya, dhana hizo huanza kupungua moja moja. Majiko ya huko ni membamba, na jokofu la kawaida lina upana wa sentimita 60, ilhali lile la milango miwili hukaribia 90. Huko Uingereza madukani huliita jokofu la mtindo wa Kimarekani, hata likiwa limetoka Korea. Na Wazungu wengi wa Ulaya huona bilauri iliyojaa barafu kuwa ni hila ya kumpunja mnywaji. Vipande viwili vyawatosha. Wakorea nao ni kichekesho kizuri: kampuni zao, Samsung na LG, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa majokofu haya duniani, lakini majumbani mwao wengi huweka pembeni mashine ya kusafishia maji inayotoa ya baridi na ya moto pia. Huko Uchina maji ya moto ndiyo maji. Mabehewa ya treni huwa na bomba la maji yaliyochemka, na abiria hupanda na chupa yake ya kuhifadhi joto.

Ndugu zetu walioko Oman na nchi jirani za Ghuba wana habari nyingine. Huko matangi hukaa juu ya paa, na wakati wa kiangazi maji ya bomba la baridi hutoka ya moto kiasi cha kuunguza mkono. Huko maji baridi si anasa. Ndiyo maana utakuta nje ya kuta za nyumba na misikiti mashine za maji baridi zilizowekwa kuwa sabili, kwa ajili ya mpita njia, mfanyakazi wa barabarani, yeyote yule. Hiyo nayo ni mashine na mtu hujihudumia, lakini hakuna anayeona kuwa hakukaribishwa. Nadhani ni kwa kuwa kila anywaye ajua kuna mtu aliyeiweka pale kwa niya.

Wala asiseme mtu kwamba kupenda maji baridi ni uzungu. Waajemi walijenga kwa matofali ya udongo makuba ya kuhifadhia barafu jangwani, yaitwayo yakhchal, na katika zama za Mamluki theluji ilisafirishwa kutoka Sham hadi Misri kwa majahazi na kwa ngamia wa mbio. Tirmidhi amepokea kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba kinywaji alichokipenda zaidi Mtume (s.a.w.) kilikuwa kitamu na cha baridi. Lakini baridi ipi? Bukhari amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Mtume aliingia shambani mwa mtu mmoja wa Kiansari, akamuuliza kama ana maji yaliyolala usiku ule katika kiriba kikuukuu. Kiriba kilichochakaa huvuja jasho, na jasho hilo likikauka huondoka na joto. Mtungi wetu wa udongo hufanya vivyo hivyo: mwenye kuuweka kivulini penye upepo anajua kwamba nje yake ukiwa na unyevu, ndani mna maji ya kuburudisha. Ni ubaridi usiouma meno.

Hapo ndipo lilipo jambo la pili lililomtatiza mama yetu. Siku ya tatu mwanawe alipojua kisa chote, hakumhutubia mtu. Alichukua sinia, akaweka bilauri, akampelekea mamake maji kwa mikono miwili, mkewe akitazama. Kesho yake mkwe akafanya vilevile, kwa furaha, na kwa kuwa alitaka kumkirimu zaidi, aliijaza bilauri barafu mpaka juu. Mama aliishika mpaka vidole vikafa ganzi, akisubiri iyeyuke. Huko nje theluji ilikuwa ikianguka! Tangu udogo wake alifundishwa kuwa maji ya barafu huleta kifua, na kwamba mzazi aliyejifungua hayanywi kabisa.

Je, ni kweli? Mafua huletwa na virusi, hayaletwi na ubaridi wa maji. Hata hivyo wazee hawakuwa wakibuni tu. Mwaka 1978 jarida la kitabibu liitwalo Chest lilichapisha utafiti mdogo uliofanywa kwa watu 15 wenye afya, ukaonyesha kwamba maji ya moto huharakisha mwendo wa kamasi puani, na maji baridi huupunguza. Basi aliyekwisha kupatwa na mafua ana sababu ya kupendelea ya moto. Ama mzima, barafu haimdhuru, na kumtisha mtoto kwa hilo si lazima. Katika Msikiti Mtukufu wa Makka, madumu ya Zamzam huwekwa ya namna mbili, mengine yameandikwa kuwa si ya baridi, na kila hujaji huchagua linalomfaa.

Liko jambo zito kuliko hilo, nalo twalisema kwa msisitizo kwa kuwa majokofu haya sasa yameingia katika miji yetu. Wapo wanaoamini kwamba maji yakipita mlangoni yamekwisha kusafishwa. Kichujio kilichomo ndani aghalabu ni cha makaa. Kazi yake kubwa ni kuondoa ladha na harufu ya klorini katika maji ambayo tayari ni salama, nacho hubadilishwa kila baada ya miezi sita hivi. Hakikuundwa kuyageuza maji ya kisima au ya boza yawe ya kunywa. Na barafu haiui vijidudu: vingi hulala tu humo mpaka iyeyuke, vikiwemo vya kipindupindu. Yapo majokofu yasiyounganishwa na bomba, yenye kitangi cha kujazwa kwa mkono. Mwenye nalo na ajaze maji yaliyochemshwa na kupoa, na kitangi chenyewe akioshe mara kwa mara. Mama anayechemsha maji ya mwanawe kila siku, kisha akamwekea barafu iliyotokana na maji ya bomba, amepoteza kuni zake, na anamhatarisha mtoto.

Turudi Ohio. Baada ya kisa cha barafu, mama na mkwewe walikaa chini, mwana akawa mkalimani. Binti alieleza kilio chake, na mama akaeleza kiu chake. Wakakubaliana kwamba kila usiku mtungi mdogo wa kioo utajazwa kutoka mlangoni, ufunikwe kama tulivyoamrishwa kufunika vyombo usiku, uachwe juu ya meza hadi asubuhi. Yalikuwa maji ya jokofu lilelile, ila yamelala. Binti ndiye aliyekuwa akiyamimina baada ya Alfajiri, na alijifunza kusimama kusubiri bilauri. Mama naye, mwezi wa pili, alianza kwenda kujikingia mwenyewe mchana, bila barafu, na anakiri kwamba alikuwa akipenda kuusikiliza mlio wa wenzo.

Alipokaribia kuondoka, mkwe alitaka kumnunulia jokofu kama lile lisafirishwe kwa meli hadi Tanga. Mwana alipiga hesabu. Umeme wa Marekani ni volti 120 wenye mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Ingebidi kununua na transfoma, na hata hivyo mota isingetulia. Mama alimshika mkono, akamwambia: “Mwanangu, usijisumbue. Ninalo.”

Ni kweli analo. Mpwa wake alimletea kutoka Dubai miaka kadhaa iliyopita, la milango miwili, lenye kidirisha. Halijawahi kuunganishwa na bomba, kwa kuwa bomba lenyewe huja na kuondoka. Tulipokwenda kumpa pole ya safari tuliliona limesimama jikoni linanguruma, na katika kidirisha chake kikavu mmewekwa kiberiti, tasbihi na karatasi za LUKU. Maji tuliyoletewa yalitoka kwenye mtungi uliokuwa nyuma ya mlango.